Friza Iliyosingiziwa

Swichi kubwa ya nyumba yangu hapa Nyamasaria ilikuwa na tabia ya kujiangusha yenyewe, hasa siku za mvua. Tak! Stima hamna, na samaki wa kuuza niliowafuata mpaka ziwani Usenge wanaanza kuyeyuka. Bila friza ile sikuwa na biashara wala karo ya watoto.

Nikamwita kaka yangu, fundi aliyeitia nyumba hii waya zote. Alikula ugali wangu akashiba, kisha akaipiga friza kofi la mgongo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Dada, hii ndio inakusumbua. Imezeeka, inavujisha stima. Siku moja itashika mtoto."

Mama gani hataogopa? Akaibeba kwa mkokoteni, eti anaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Nikamshukuru, mimi huyu!

Mvua iliponyesha tena, tak! Sasa ni nini, na friza haipo? Hasira zikanipa akili. Nikang'oa plagi zote, nikashusha swichi ndogo zote, kisha nikazipandisha moja moja. Nilipogusa ya soketi za jikoni, ambazo hazikuwa na kitu chochote, ile kubwa ikaanguka. Basi ubaya ulikuwa kwenye waya. Nikaiacha ile ndogo chini, nikapanda stuli, nikachungulia darini. Chini ya bati linalovuja, waya zilikuwa zimeunganishwa na kufungwa kipande cha nailoni badala ya tepu ya stima, zimelowa chepechepe. Kazi ya kaka yangu hiyo.

Hata hapo nilimtetea: fundi naye ni binadamu. Nikaenda kwake Obunga kumwita aje arekebishe. Mkewe alinipokea kwa shangwe, akafungua friza anitolee soda. Ilikuwa friza yangu, na ua alilobandika binti yangu bado liko mlangoni. Imejaa samaki.

"Mama, asante sana. Vile uliacha biashara ukatupatia hii, imetuokoa kabisa."

Kaka yangu alikuwa ameingia nyuma yangu. Akaangalia viatu vyake.

"Dada, si unajua vile maisha iko."

Mgeni haondoki mikono mitupu, kwa hiyo mkewe akanifungia samaki mmoja, mbuta mnono, nami nikapokea kwa mikono miwili, maana yeye hakunikosea. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini chawa hajui jina lako. Huyu tulinyonya titi moja. Angeniomba tushirikiane biashara, ningekubali kabla hajamaliza kusema. Yeye akaona afadhali anitishe kwa uhai wa watoto wangu.