Nilivyofukia mtungi wa mama mkwe ili nyanya zake zisife

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi hauna chai hata kikombe kimoja. Yalinikuta mimi mwenyewe, Kariakoo, miaka ile Mjerumani kashaondoka na Mwingereza ndiye kashika boma.

Nilikuwa nimeoa na ninaishi kwa mama mkwe. Msinicheke.

Mama mkwe, Bi Mwanaidi, alikuwa na miche sita ya nyanya uani, kaipanda kwa duara. Aliipenda kuliko mimi.

Kiangazi kikaingia. Kisima cha jirani kikageuka chumvi, na foleni ya bomba la mtaani ikawa ndefu mpaka watu wanachumbiana humo humo.

Ndipo shemeji yangu wa Bagamoyo akajifungua. Mama mkwe na mke wangu wakaenda kumuuguza. Mlangoni mama akaniambia, "Mwanangu, nikikuta nyanya zimekufa, tafuta pa kulala."

Nyumba ni yake, wakuu.

Plan ya kwanza: kuoga juu ya nyanya. Leo mche huu, kesho ule, ili ndoo moja ifanye kazi mbili. Sabuni ikaunguza majani. Nikaacha sabuni. Nyanya zikapata nafuu, lakini kazini wenzangu wakaanza kula mbali nami.

Na bado udongo ulikuwa unakauka kabla ya adhuhuri.

Nikamweleza Ami Salum, Mwarabu mwenye duka pale kona. Akasema kwa babu yake huko Arabuni hufukia chombo cha udongo kando ya mimea, mdomo tu unabaki nje. Unajaza maji, unafunika. Chombo kinatoa jasho pole pole, mizizi inakunywa, jua halipati kitu.

Nyumbani kulikuwa na mtungi mmoja tu. Wa mama, wa maji ya kunywa, aliopewa siku ya harusi yake.

Nikaufukia katikati ya duara.

Wakuu, zile nyanya zilinenepa. Ndoo moja kwa siku nne, nami nikarudi kwenye sabuni.

Arobaini ilipoisha mama akarudi na mke wangu, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba maji.

Sikuwa na plan nyingine, wala maji mengine. Nikachukua kata, nikapiga magoti kwenye nyanya, nikafunua mtungi, nikachota. Mke wangu akajifunika kanga usoni.

Mama akanitazama. Akazitazama nyanya zilivyoiva. Akanywa kata nzima.

"Yana baridi kuliko yalivyokuwa ndani," akasema. Akachuma nyanya moja, akaila hapo hapo. "Mtungi ubaki huko. Ila wageni wakija, wewe ndiye utakayewachotea."

Miaka mitatu, wakuu. Mashangazi, maharusi, hata shehe wa mtaa, wote nimewachotea maji nimepiga magoti kwenye nyanya.

Nilichojifunza: maji yapeleke kwenye mzizi, jani halina kiu. Na chombo cha mkwe, uliza kwanza.

Nyie kiangazi mnamwagiliaje? Aliyewahi kufukia mali ya mtu naye ashuke hapa chini, nisibaki peke yangu.