Kompyuta Niliyoikausha Juu ya Moto

Kompyuta yangu ya kwanza ilinukia samaki wa moshi. Sitanii. Ukiiwasha na kuiacha ipate joto, harufu ilianza kutoka polepole kwenye matundu ya nyuma, ile harufu ya samaki wa mtoni aliyekaushwa kwa kuni za msituni, na mteja aliyekuja kuandikiwa karatasi alimeza mate akauliza kama tumepika. Mama alikuwa akijibu kwamba hatujapika, tunafanya kazi. Hiyo ilikuwa Mubi, katika Walikale, mashariki mwa Kongo, miaka ya vita, wakati malori yalipozama kwenye tope mpaka milangoni na pikipiki zikapita pembeni zimebeba mifuko ya madini. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Nguo hazikukauka, viberiti havikuwaka, na mkate ulionunuliwa asubuhi ulikuwa na ukungu kabla hujaumaliza. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia sekondari, msichana mwembamba mwenye mdomo mrefu, na watu wengi walikwisha kuniambia kwamba mdomo ule utaniponza.

Kabla ya hapo tulikuwa na kompyuta nzima, ya Mama. Papa, yaani baba yangu, aliingia machimboni nikiwa mdogo na hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia kilichompata, kwa hiyo Mama alifungua kibanda cha mbao karibu na soko, akawa anawaandikia watu karatasi na kuzichapa. Walikuja walimu na mitihani yao, wachumba na kadi zao za arusi, na watu waliopoteza vitambulisho njiani wakikimbia, ambao bila karatasi wangezuiliwa kwenye kila kizuizi cha barabara. Kibanda kile ndicho kilichotulisha na kuniweka shuleni. Halafu msimu mmoja wenye bunduki waliokuwa wameushika mji walifukuzwa na wenye bunduki wengine, na hawa wapya wakaingia kibanda kwa kibanda. Kwetu walibeba jenereta. Walibeba skrini, kwa sababu waliiona ni televisheni. Mashine ya kuchapa waliiinua, wino ukawamwagikia mikononi, wakaitupa chini wakitukana. Na lile sanduku la kompyuta, lenye akili yote ya mashine, waliliacha sakafuni kama debe tupu, mmoja wao akalipiga teke la kuaga.

Siku chache baadaye akafika mjomba wangu, kaka yake Mama, kwa miguu kutoka Itebero. Alikuwa mtu mwema na mkulima hodari, na alikuja na ndizi na maneno tayari mdomoni. Alisema Mubi si mahali pa mwanamke asiye na mume, kwamba shamba lipo, kwamba mimi nimekua na kule kuna mtu mwenye kuniulizia. Shule ya kule ilikuwa imefungwa, lakini hilo hakuliona kuwa jambo. Mama alimsikiliza kwa heshima kama dada mdogo anavyotakiwa. Mimi nilikuwa nimechutama pembeni ya lile sanduku, na bila kuulizwa nikasema, "Mjomba, mimi siendi. Hii mashine nitaitengeneza." Alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alimwambia kaka yake arudi wakati wa kupanda mpunga. "Kama haiwake, tutakwenda na wewe. Kama inawaka, tunabakia." Mjomba akakubali haraka, maana hakuona atapoteza nini, na mimi nikajua kwamba shule yangu, na mwili wangu pia, vimewekwa ndani ya lile sanduku lililobonyea.

Nilijua kidogo. Zamani fundi mmoja alikuwa akija na malori kutoka Goma kutengeneza mashine ya Mama, nami nilimkalia karibu kiasi kwamba alinifukuza kama kuku. Nilimwona akikwangua meno ya kipande cha kumbukumbu kwa kifutio cha shule mpaka yakang'aa. Nilimsikia akisema kwamba mashine ikiwa nzima hulia mara moja tu, mlio mfupi, na ikiwa na shida hulia na kulia tena. Basi nilifungua sanduku kwa kisu cha jikoni. Kile kifaa cha kugawa umeme ndani yake kilikuwa kimeungua, kinanuka plastiki iliyochomwa. Kipande cha kumbukumbu kilikuwa kimechomoka kwa lile teke, na feni ilikuwa imevunjika mabawa. Kitufe cha kuwashia hakikuwepo kabisa. Lakini ule ubao mkubwa wa kijani, wenye vijiti na vijia vyake, haukuwa na ufa. Niliugeuza kwenye mwanga wa mlango, nikaupuliza, nikaona hasira inapanda kwa furaha, kama kuna hasira ya namna hiyo. Watu wale walibeba kioo wakaacha kichwa, na sasa kichwa kilikuwa mikononi mwangu.

Adui wa kwanza hakuwa na bunduki, alikuwa unyevu. Kila nilichokisafisha jioni kilikuwa na matone asubuhi, na chuma kilianza kutu wakati nakiangalia. Sasa kwetu, kitu chochote unachotaka msitu usikile, unakiweka kwenye kichanja juu ya moto: chumvi, mbegu, samaki, hata vyeti vya ubatizo. Bibi yangu aliishi hivyo na bibi yake pia. Nikaupandisha ubao wangu pale, nimeufunga kwa kitambaa, pembeni ya samaki, na vipande vingine nikavipanga juu ya chumvi. Fundi wa mjini angelia machozi. Masizi yaliingia, ndiyo, na ilinibidi kuyafuta kila mara kwa brashi ya meno, lakini kutu ilikoma. Hata wenye bunduki walipopita nyumbani kutafuta chakula waliokota samaki wote na chumvi, wakaacha ubao wa kijani umelala peke yake kwenye kichanja, maana nani anakula ubao?

Vipande vilivyokosekana nilivitafuta kama mtu anayetafuta kuni. Nyuma ya nyumba moja ya kununulia madini kulikuwa na jalala, na huko nilipata kibodi iliyokosa herufi kadhaa, nikazichora upya kwa rangi ya kucha. Feni niliitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, na kwa kuwa haikuwa na ile dawa inayopakwa chini yake ili joto lipite, nilipaka dawa ya meno, Mama akaninyima kupiga mswaki kwa muda ili nijifunze adabu. Skrubu zilikuwa za pikipiki. Hizo nilipewa na Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza vipuri jirani na kibanda chetu, mtu aliyefunga duka kila mchana kwa ajili ya sala na asiyemkopesha hata padri wake. Hakunipa bure hata skrubu moja. Nilimfagilia duka, nikamwandikia bei za vipuri kwenye maboksi kwa herufi nzuri, naye alipokwenda kwao kuleta mali akarudi na kifaa cha umeme kilichokwisha kutumika, kimefungwa katikati ya mipira ya pikipiki. Aliniambia kwamba kikiungua nisije kulia kwake. Kisha akaniruhusu kuunganisha waya kwenye jenereta yake, na kwa kuwa kitufe hakikuwepo, niligusisha vijiti viwili vya ubao kwa ncha ya bisibisi. Feni ikazunguka. Mashine ikalia, na kulia, na kulia tena. Nikachomoa kumbukumbu, nikaisugua kwa kifutio mpaka vidole vikauma, nikairudisha. Mlio mmoja, mfupi. Papa Kambale akafanya ishara ya msalaba, na mimi nikapiga kelele mpaka watu wa sokoni wakadhani mashambulizi yameanza.

Lakini mashine ilikuwa haina uso. Iliishi, nami sikuweza kuona inachofikiri, na watu walikwisha kuanza kuchoma mashamba yao tayari kwa mpunga. Siku moja ya soko Mama na mimi tulikuwa tunapita penye kijana auzaye redio na televisheni za zamani, na pale, kati ya redio, ilikuwa imekaa skrini yetu. Nyuma yake walikuwa wameuingiza waya wa antena kwa nguvu mpaka plastiki ikapasuka. Kwenye pembe ilikuwa na doa la rangi ya kucha nililolitia kabla haijaibwa. Mama alisimama kama amepigwa. Yule kijana alimjua, akaanza kujikunja akiwasingizia askari. "Mama Neema, hii televizio ni ya bashoda. Banasema niiuzishe tu."

"Aiko televizio," Mama alisema. "Ni ekra yangu. Ile rangi, mutoto wangu njo aliitiaka." Kijana akamwambia basi ainunue, watamalizana vizuri. Hapo Mama akatandika kitenge chake chini, palepale mbele ya meza, akakaa. Alisema hatanunua kitu chake mwenyewe, wala hatatoka. Nilikaa pembeni yake. Baada ya muda mwanamke muuza sombe, yale majani ya mihogo, akaacha mafungu yake akaja kukaa nasi, halafu muuza mawese, halafu wengine ambao sikuwajua majina. Meza ya yule kijana haikufikika tena. Na bila shaka habari zikaenda, na mwenye mali akaja, askari kijana mwenye macho mekundu, bunduki mgongoni. Niliogopa vibaya sana. Nilidhani nitamwona mama yangu akifa kwa ajili ya maneno niliyomwambia mjomba.

"Njo wewe mwenye hii kitu?" akauliza. "Mama, ulitudanganya! Tuliitia antene, tukapandisha waya mpaka juu ya muti, hata sauti haina. Tulikosa mechi juu yako!" Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Mama hakusimama. "Hamukuniuliza," alisema. "Mungeniuliza, ningewaambia kama bila ile sanduku mulipigaka teke, haiwake." Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo, na wengine wakashindwa kujiziba. Mkono wa askari ulikwenda kwenye mkanda wa bunduki ukakaa pale. Aliwaangalia wale wanawake wote waliokaa chini, akamwangalia kijana wa redio ambaye alikuwa ameinama kama anatafuta kitu, akatema mate pembeni. "Beba basi kitu yako yenye kukufa," alisema, akaondoka. Niliibeba kichwani mpaka kibandani, na shingo iliniuma, na sikutaka mtu yeyote anipokee.

Siku ile ile mchana, kwa jenereta ya Papa Kambale, maandishi meupe yalipanda kwenye kioo cheusi, moja baada ya jingine, na Mama akaweka kiganja mdomoni akalia. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, hivyo kila asubuhi mashine iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani, wakati Papa alikuwa bado nyumbani. Tuliiandikia tarehe kwa mkono na kuendelea. Mashine ya kuchapa ilikuwa imepasuka ganda tu ilipotupwa; niliifunga kwa mpira wa pikipiki, ikachapa. Mjomba alipofika wakati wa kupanda alikuta watu wamesimama mlangoni mpaka barabarani. Alikaa kwenye kiti cha wateja tangu asubuhi, akiangalia vidole vyangu. Mwishowe akauliza kama na yeye anaweza kuandikiwa jina lake. Nikamwandikia, kwa herufi kubwa, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akarudi Itebero peke yake. Yule mwenye kuniulizia alioa mtu mwingine, Mungu awabariki.

Na kuna asubuhi moja ambayo siiachi. Yule askari alikuja. Mke wake alikuwa amejifungua mbali, na alihitaji karatasi ya kumwomba mkubwa wake ruhusa ya kwenda kuona mtoto. Alipita watu wote na bunduki yake akaja moja kwa moja mezani, kama walivyozoea. Mama alikuwa anasahihisha mtihani wa mwalimu, hakuinua hata kichwa. "Mustari unaanziaka kule nyuma, papa." Askari akasimama hapo, akatazama mashine, akamtazama Mama, kisha akageuka, akaenda kusimama nyuma ya mwanamke mwenye kikapu cha mihogo, akangoja zamu yake, akalipa kama wengine.

Msimu mwingine tuliikimbia Mubi, na kompyuta ile sijui iliishia wapi. Leo niko Goma, kazi yangu ni kuunda na kutengeneza mashine, na Mama amezeeka anakaa nami akilalamikia chumvi kwenye mboga zangu. Wageni wakijua nilikotoka huniangalia kwa huruma, wananieleza kwamba madini ya kwetu yamo ndani ya simu zao, kana kwamba sijui kilichobebwa mbele ya macho yangu. Huruma yao siitaki. Mimi sikuwa shimo ambamo vitu vilichimbwa, niliwasha mashine kwa ncha ya bisibisi nikiwa mtoto, wakati wao walinunua yao imefungwa kwenye boksi. Sasa nina vipuri vipya, nina umeme siku nyingine, na vita vimetufuata mpaka mjini. Wenye bunduki wa leo huingia dukani kwangu wakapita wazee, wakapita wanawake wenye watoto mgongoni, wakaweka simu zao mbele yangu, na kila mtu hutazama chini, na mimi nimekwisha kuhudumia baadhi yao kabla ya zamu yao. Kwa vyuma, tumeendelea sana kuliko Mubi. Kwa lile jambo la mihogo na bunduki, tumerudi nyuma, na silali vizuri kwa sababu hiyo. Jana aliingia mwingine. Nilimwonyesha mwisho wa mstari kwa kidole, na sikukishusha.