Wosia wa Fundi Makochi

Mama yangu alikuwa fundi makochi, na msinicheke, maana aliwashinda mafundi wanaume wote wa mtaa ule. Ungemkuta amepiga magoti nyuma ya kochi lililochanwa, misumari midogo ameibana kwa midomo, anatoa mmoja mmoja na kugonga huku anakuuliza habari za nyumbani. Ukijibu hovyo alikusema vile vile, na misumari yake mdomoni. Nilipokuwa mdogo, siku za kuchapwa, nilikuwa namwombea ameze mmoja tu, wa kumpunguzia kelele. Hakuwahi kumeza.

Kuna mteja mmoja aliwahi kumruka mchana kweupe. Kochi limekwisha, yeye anasema, "Mimi nilitaka kijani." Mama akabaki nalo. Tangu siku ile mteja hatoki karakana mpaka asaini kwa kalamu nyuma ya kipande cha kitambaa alichochagua. "Umesaini, basi tumeelewana," alikuwa anasema, na vile vipande alivitunza kwenye boksi la viatu miaka nenda miaka rudi. Nadhani hata marehemu baba, mama angejua mapema, angemsainisha kabla ya kuolewa naye.

Figo zilipoanza kumsumbua, aliandika wosia mwenyewe, kwenye daftari. Mwanasheria wa nini, wakati mkono anao? Akatuita watatu: mimi mwanawe wa kwanza, mdogo wangu wa kike aliyekuwa anaishi naye na kumuuguza, na Gundi, fundi aliyefanya naye kazi muda mrefu hadi jina lake halisi tukalisahau. Akatusomea. Nyumba na karakana yake, mdogo wangu. Cherehani kubwa, Gundi. Na mimi? "Vyote vitakavyobaki."

Vitakavyobaki! Nilihisi damu inapanda kichwani. "Mama, mimi ni mwanao au ni jalala?"

"Wewe nilishakupa chako," akasema, wala hakupandisha sauti. Na ni kweli, alinisomesha mpaka nikawa mwalimu, huku mdogo wangu akiacha shule ili ashike nyundo pembeni yake. Kisha akasukuma daftari mezani. Kila anayepewa asaini, kesho asije akasema hakuambiwa. Mdogo wangu akasaini. Gundi akasaini, ulimi nje kwa jitihada. Mimi nikasusa. Niliacha chai yangu nusu nikaondoka, na kwa miezi saba sikukanyaga pale. Mdogo wangu akipiga simu, namjibu kwa mkato. Akisema mama anauliza utakuja lini, nasema nina mitihani ya kusahihisha. Siku niliyorudi, nilirudi kuzika.

Baada ya msiba tukalipeleka daftari kwa mwanasheria, mama mmoja mtu mzima mwenye ofisi ndogo iliyojaa mafaili hadi sakafuni. Akalisoma, akavua miwani, akalisoma tena.

"Hizi saini mbili za chini ni za nani?"

"Yangu na ya huyu," akasema Gundi, kifua mbele.

"Basi nyinyi ndio mashahidi wa wosia huu, hakuna wengine. Na sheria haimruhusu shahidi apewe kitu kwenye wosia anaoushuhudia. Wosia wenyewe unasimama. Ila mlichopewa nyinyi wawili kinaanguka."

"Kinaangukia wapi?" Gundi akauliza, kifua kimeshuka.

Mwanasheria akanitazama mimi. "Kwenye vitakavyobaki."

Nitasema ukweli, maana uongo hautanisaidia sasa. Nilifurahi. Mle mle ofisini, nimeketi karibu na mdogo wangu, kichwani nilishapangisha vyumba viwili, nikaigeuza karakana duka. Haikuzidi dakika moja, lakini naijua, na naionea aibu mpaka leo.

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, nihame lini?"

Hakuuliza kwa hasira wala kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ajipangeje.

"Unahama uende wapi? Huhami," nikasema. "Na wewe Gundi, cherehani ni yako."

Gundi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru hadi nikaona haya. Mdogo wangu akasema, "Haya," basi.

Tulipofika nyumbani nikaingia chooni kunawa uso. Kutoka, namkuta chumbani kwake amefungua sanduku kitandani, anakunja nguo. Nikacheka kidogo, nikidhani hakunisikia vizuri.

"Wewe, si nimekwambia huhami?"

"Nimekusikia, kaka."

"Sasa hizo nguo je?"

Akalaza gauni juu ya gauni, akalinyoosha kwa kiganja. "Ulimkasirikia mama siku moja, ukanyamaza miezi saba. Alikuwa anaumwa, anakuulizia kila asubuhi. Nikikuudhi mimi mwakani, nitajuaje utaamkaje?"

Ningemwambia mimi si mtu wa namna hiyo, lakini ndiye niliyekuwa, na yeye ndiye aliyekuwa anabadilisha mashuka ya mama wakati huo wote. Nililia pale mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu. Hakuja kunibembeleza, na hakuwa na sababu ya kuja.

Mchana ule ule nikarudi kwa mwanasheria. Nikamwambia aandike kwamba nyumba na karakana namwachia mdogo wangu, bila sharti hata moja, na ya mahakamani yafuate. Akanishauri nikafikirie kwanza wiki moja. Nikamwomba aandike tu.

Jua lilikuwa halijazama nilipompa mdogo wangu hati ile. Hakuniambia asante. Aliketi kando ya sanduku, akaisoma mbele yangu, mstari kwa mstari, akarudi mwanzo akaisoma tena, nami nikasimama nikimsubiri. Kisha ndipo alipoanza kuzitoa nguo.