Ng'ombe Aliyeamka kwa Miguu ya Mbele

Studio mbili za katuni zilikuwa zimenikataa. Ya pili iliandika sentensi moja tu: watu wako wanaruka vizuri, lakini hawana uzito. Nilikasirika siku tatu. Mkusanyo wangu wote wa kazi ulikuwa mashujaa wenye mapanga, niliowachora mwaka mzima kwenye kompyuta ya mtumba nyumbani kwetu, mtaa wa Ngezi, na mtu ananiletea habari za uzito! Siku ya nne hasira zikapoa, nikaona alisema kweli.

Studio ya tatu, ya Kinshasa, ilitaka kitu kimoja: sekunde kumi za mwili mzito ukitoka chini na kusimama. Nilikuwa na siku tano. Nikikosa, ningeenda Mahagi kuuza vitenge dukani kwa shangazi. Nilikuwa nimemwahidi mama hivyo, na shangazi alikwisha kunitengea kiti.

Nikachagua ng'ombe. Sisi ni watu wa ng'ombe, nilijiambia kwa majivuno. Nani atanishinda hapo? Siku ya pili jioni ng'ombe wangu alinyoosha miguu ya mbele, akainua kifua, kisha akavuta sehemu ya nyuma. Nikamwita mama aje ashangilie.

Mama aliangalia mara mbili, mikono bado ina unga wa muhogo.

"Iyi ni munyama gani?"

"Ni ng'ombe, mama."

"Ng'ombe ya wapi? Ng'ombe haiamukake vile. Na weye ni mutoto ya watu ya ng'ombe!" Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Nilitaka kuifunga kompyuta kwa kishindo. Lakini sikuwahi kumwona ng'ombe akiamka. Vita vilipoingia kijijini kwetu Fataki tulikimbia nikiwa mgongoni mwa mama, ng'ombe wakabaki, na hata baadaye, watu waliposema amani imerudi, mama hakulitaja zizi tuliloliacha. Mimi nilikuwa nimefuata video ya farasi.

Basi mama akajifunga kitenge vizuri, akashuka kwa mikono na magoti kwenye sakafu ya sementi. "Angalia miye." Akasukuma kichwa mbele, na matako yakapanda kwanza. Akabaki ameinamia viwiko, ndiyo magoti ya mbele ya ng'ombe, akihema. Kisha akainua mguu mmoja wa mbele, kisha mwingine, yaani mikono yake.

"Ile nyekundu ya baba yangu ilikuwa inangojaka pale. Inapumua kwanza. Ilikuwa muzee."

Akanieleza ng'ombe wao mmoja mmoja, yupi mvivu, yupi wa hasira. Nilichora huku machozi yananitoka, naye akinikemea nisiloweshe mashini.

Nilifuta kazi yote ya mwanzo. Siku ya tano nikatuma yule mzee mwekundu peke yake, bila shujaa hata mmoja.

Wiki iliyofuata mkubwa wa studio alinipigia simu. Aliuliza nani alinifundisha kuweka ule muda wa kupumua katikati. Nikasema mama. Akaniambia nianze kazi mwezi ujao, na kwamba wachoraji wake wote wamekwisha kuonyeshwa ng'ombe huyo.

Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka mbio wakiwa wamebeba watoto na mabegi yao.

"Si vita!" nikapaza sauti. "Nimepata kazi!"

Walinitukana kwa furaha, wakanikumbatia. Mama alisubiri wote watulie.

"Na ile watu ya Kinshasa," akauliza, "wameona ng'ombe ya baba?"

"Wote, mama."

Ndipo akapiga vigelegele.