Nkambo wangu alilala chini katikati ya misa ya ndoa yangu

Wakuu, salamu. Shikamoo zenu nimezipokea mapema, maana sidhani kama humu kuna wa kunizidi umri. Nina zaidi ya miaka themanini, niko Lubumbashi, na mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu hapa Kasapa ndiye aliyeniingiza kwenye jukwaa hili.

Nimewasoma mnavyobishana kuhusu heshima kanisani. Huyu analaumu wanaochati wakati wa ibada, yule analaumu ngoma na spika. Nami nina kisa changu. Sitatia chumvi, hata daktari amenikataza.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini, mji ungali unaitwa Élisabethville. Nilikuwa naolewa. Mchumba wangu alikuwa Mkasai, kijana wa duka, mtanashati mpaka unasahau kula.

Tatizo mama yake.

Mama wa kanisa hasa, glavu nyeupe kila Jumapili, na sisi watu wa Pweto, kule ziwani, alituona washamba tunaonuka samaki. Alishasema wazi: tukimwaibisha mbele ya padre, karamuni hakanyagi, na mimi nisijihesabu mkwe wake. Jamani, nilimpenda mwanawe! Nilikonda kwa hofu.

Sasa nkambo wangu, yaani bibi mzaa mama, akaja kutoka Pweto juu ya lori na furushi la samaki wakavu. Alikuwa amebatizwa uzeeni, na misa kubwa ya mjini hajawahi kuiona. Nikaona nimfundishe.

"Nkambo, kengele ikilia, ujue Mufalme amefika. Umuheshimie."

"Mufalme? Basi, hiyo miye najua," akasema.

Sikuuliza zaidi. Nilidhani tumeelewana.

Siku ya siku kanisa likajaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Kiapo tukala, pete tukavishana. Misa ikaendelea, padre akainua hostia, kengele ikalia. Watu wote magoti, vichwa chini, kimya.

Mara nasikia: pa... pa... pa...

Nikageuza jicho. Nkambo amelala sakafuni katikati ya njia! Ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, huku anapiga makofi taratibu. Ndivyo kwao anavyoamkiwa mfalme.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Katekista akatoka mbio kwenda kumwinua.

Mama mkwe akasimama.

Akamzuia katekista kwa mkono. Akavua glavu moja, akavua ya pili. Akapiga magoti kando ya nkambo, kwenye sakafu tupu, naye akaanza kupiga makofi. Akina mama wa Kasai wakafuata, kisha wa kwetu, mwisho hata wanaume. Taratibu, pamoja, bila kelele. Padre, ambaye enzi hizo alisali ametupa mgongo, hakugeuka, ila kikombe alikishikilia juu muda mrefu kuliko kawaida.

Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, poda yote imekwisha usoni.

Nje, mama mkwe akamshika nkambo mikono yote miwili.

"Mama, kwetu ku Kasai chefu wa kijiji akipita, tunamupigia mikono vile vile. Miaka yote nakujaka ku kanisa, naangaliaka kama robe yangu na glavu ziko muzuri. Leo ndiyo nimekumbuka nakujaka kuona nani."

Nkambo akacheka. "Basi tuende tukule samaki. Njaa inaniuma."

Na mama mkwe alikula samaki siku hiyo, tena na vichwa vyake!

Nilichojifunza: ukijua uko mbele ya nani, mwili wenyewe utajua la kufanya. Uimbe, unyamaze, ulale chini, yote sawa. Kwangu sasa magoti yanagoma, lakini mikono bado inapiga.

Haya, zamu yenu. Kwenu mkubwa anaamkiwaje, na mmewahi kumwamkia Mungu hivyo? Andikeni, mjukuu atanisomea.

Na wewe unayeusoma uzi huu ukiwa misani, nakuona. Zima simu, Mfalme yuko mbele yako.