Tembo la Posa

Nakumbuka siku moja ya miaka ile ya vita, mjukuu wangu, nimeketi ndani ya garimoshi lililosimama stesheni ya Changamwe likakataa kuondoka. Tuliambiwa tungoje, treni ya wanajeshi ipite kwanza. Abiria wengine walitafuta mahali pa kuegemeza vichwa wakasinzia. Mimi nilisimama, nikaketi, nikachungulia dirishani, nikafungua fundo la leso na kulifunga tena. Leo asubuhi nimekuona ukiufagia ua uliokwisha fagiwa, nikajiona mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nikikaa na kaka yangu, mfanyakazi wa reli pale Changamwe, na siku hiyo nilikuwa nakwenda kushukia Mazeras, kisha nitembee hadi kwetu Rabai. Wazee wa upande wa mwanamume walikuwa wanakuja na tembo la posa. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, na padri alilikemea tembo la mnazi kila Jumapili, lakini posa isiyo na kibuyu hakuna mzee aliyeihesabu kuwa posa. Na desturi yetu waijua: tembo haliguswi mpaka binti aitwe mbele ya wazee, aulizwe walinywe au wasilinywe. Akisema kunyweni, ameolewa. Neno hilo moja ndilo lililoninyima raha. Mwanamume mwenyewe alikuwa seremala, mtu mpole, sina baya la kumsema hata leo. Nyumbani kila mtu alimtaka. Mimi nilikuwa sijui.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo na kapu lake la papa mkavu, harufu imetawala behewa zima. Alikuwa akienda Mariakani kuuza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanitazama nikihangaika mpaka akachoka.

"Wenda harusini au matangani, binti?" akaniuliza. "Maana kwa ukaaji huo siwezi kujua."

Labda nilimwambia kwa sababu sikumjua, wala sikutarajia kumwona tena. Nilimweleza yote: baba alivyompenda seremala, mama alivyokwisha kuwatangazia majirani, shangazi alivyonishonea nguo. Alisikiliza huku akimenya muhogo wa kuchoma, akanimegea kipande. Ushauri hakunipa hata kidogo. Alinisimulia tu siku yake mwenyewe, wazee walivyofika kwao jua la utosi, wametoka mbali kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope, wakaketi kukikodolea macho kibuyu.

"Niliwaonea huruma," akasema. "Mmoja alikuwa akilamba midomo, maskini. Nikasema kunyweni. Wakanywa, wakenda zao. Mimi ningali nimo mle nyumbani hadi leo."

Akacheka, na waliotusikia wakacheka naye. Mimi nilishindwa. Treni ya wanajeshi ikapita, yetu ikaondoka, na Mazeras nikashuka mbiombio hata jina lake sikumuuliza.

Nyumbani niliwakuta wageni wamekwisha fika. Mshenga wao alikuwa mzee mnene, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Niliitwa, nikapiga magoti mbele ya mkeka, kibuyu kikiwa katikati. Baba akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwa na jibu, kama walinywe au wasilinywe. Nikamtazama yule mshenga akimeza mate, na huruma ikanijaa. Neno lilikuwa limefika ulimini.

"Baba," nikasema, "waleteeni wazee maji kwanza."

Baba alinikazia macho, lakini maji hanyimwi mgeni. Mama akateka mtungini, wakanywa kata baada ya kata, mshenga akashusha pumzi na kujifuta ndevu. Kiu ikawatoka. Nikalitafuta lile neno tena, nikaliona halipo.

"Msilinywe," nikasema.

Kibuyu kilirudi kilivyokuja. Baba hakunisemesha mpaka mvua za masika, na mimi nilikaa siku nyingi nikijiuliza kama nimemwacha mtu mwema bure. Sikufichi, iliniuma. Ila alipokuja marehemu babu yako na wazee wake, nilijibu kabla swali halijaisha, shangazi akanifinya kwa aibu.

Kesho wageni wako wanakuja, mwanangu. Siku hizi ni soda, na mashemeji watashuka garini bila vumbi, lakini watakutazama vilevile. Utamwonea huruma mama yako aliyepika, na baba yako aliyealika watu. Wahurumie, ni wako. Wape maji, wape chakula, wape heshima yao yote. Kisha ujiulize, wote wakisha kushiba na kwenda zao, kama wewe utataka kubaki naye. Ukiona wataka, sema upesi. Ukiona hutaki, sema vilevile, nami nitaketi karibu nawe baba yako atakapokasirika.

Mungu akutulize moyo, akupe nyumba utakayoingia kwa miguu yako mwenyewe. Sasa uweke huo ufagio, uje ule.