Kijiti cha Rejeta

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na nyumbani kwetu mtoto wa kwanza ni mimi. Tangu nizaliwe, Kagongwa nzima ilimwita baba yangu kwa jina langu: sokoni, msikitini, kwenye mashine za kukobolea mpunga. Kisha mdogo wangu akarudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa akiwa na pikapu aliyomnunulia baba, na hazikupita wiki mbili majirani wakaanza kumwita baba kwa jina la huyo. Na baba akawa anaitika.

Niliona wivu. Sitafuti neno lenye adabu zaidi. Kila nilipomsikia baba akiitika "Naam!" kwa jina lisilo langu, niliacha nilichokuwa nakifanya nikaingia ndani.

Maana mimi ndiye niliyekuwa utingo wake enzi zile akiendesha malori ya Isaka. Si barabarani, mama asingekubali, bali hapa uani. Lori likiletwa nyumbani kwa matengenezo, aliyelala chali chini ya injini na kumpokeza spana ni mimi. Alinifundisha kumwaga maji ya rejeta, yale yanayopoza injini: injini ipoe kabisa, ufungue kifuniko cha juu kwanza, ndipo koki ya chini, kwa vidole, taratibu. Mdogo wangu wakati huo alikuwa anacheza gololi.

Mwenye pikapu wa zamani alikuwa akijaza rejeta maji ya kisima, nayo yalishageuka rangi ya kutu. Mdogo wangu akanunua dumu la kulanti ya kijani, dawa inayotiwa kwenye rejeta badala ya maji, akatangaza kwamba Ijumaa asubuhi atayamwaga yale maji kwa mkono wake.

"Dada, wewe utuletee beseni tu," alisema.

Beseni tu!

Alhamisi jioni, wote wakiwa ndani, niliingia chini ya gari nikapapasa. Koki ilikuwa ya plastiki, imekauka, ina ufa shingoni. Ikishikwa na koleo itakatika. Dawa yake naijua, baba alinionyesha: nilichonga kijiti cha mti mgumu cha kuzibia tundu, nikakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakifunga kwa uzi, nikakitia mfukoni. Nilijiambia nitamwambia mdogo wangu asubuhi kwamba koki ina ufa.

Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mdogo wangu akatoka amevaa kanzu nyeupe, akidhani ni kazi ya dakika tano kabla ya kwenda msikitini. Watu wa mashine walishakuja kutazama. Baba alikaa kwenye kigoda, anamtazama kwa ile sura ambayo miaka yote niliidhani ni yangu peke yangu.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Ndipo jirani mmoja akamwita baba kwa jina la mdogo wangu, akasema, "Sasa umepata mtoto!" Kumbe miaka yote ya kunilea mimi baba alikuwa anafuga kuku! Nikafunga mdomo wangu.

Mdogo wangu akainama na koleo. Ka! Koki ikakatika, maji ya kutu yakaruka nje ya beseni, yakamlowesha kanzu kuanzia kifuani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Alisimama na kipande cha koki mkononi, akamgeukia baba kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja sahani.

"Baba, nimeiharibu?"

Nilifurahi. Ni aibu kuliandika, lakini nilifurahi.

Nikaacha maji yaishe, nikaingia chini, nikakigonga kijiti kwenye tundu la koki. "Mimina," nikamwambia. Akamimina kulanti yake, na halikuvuja hata tone. Watu wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote ni yeye, kanzu ikimchuruzika.

"Si niliwaambia dada yangu ni fundi? Ningekuwa na akili ningemwachia tangu mwanzo!"

Nilijua hakuwa ananitania, na hilo lilinichoma kuliko kicheko chochote.

Baba aliinuka, akainama kwa taabu ya mgongo wake, akachungulia chini ya rejeta. Aliona kijiti kilivyolainishwa, aliona uzi ulivyozungushwa kwa mpango, na kazi ile si ya dakika moja.

"Umekichonga lini?" aliniuliza kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nisikie.

"Jana."

Aliniangalia, kisha akaiangalia kanzu iliyolowa. Alimshika mdogo wangu bega, akamwambia, "Nenda kabadilishe, baba, utachelewa swala."

Mama mmoja wa mashineni alikuwa anapita na ungo wake. "Mwangaluka!" akapaza sauti kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akamwita baba kwa jina langu, lile nililolililia wiki mbili. "Huyu ndiye mtoto!"

Baba alikuwa bado ananitazama. Yule mama akamwita mara ya pili, kwa jina langu lile lile, na baba hakuitika.